Mnyama Asiyekuwamo Kwenye Noti

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, toa noti zako mfukoni uzitazame. Noti ya shilingi 2,000 ina simba, ya 5,000 ina kifaru, ya 10,000 ina tembo. Ni wanyama wa heshima, na fedha yetu inawastahi kwa kuwa wao nao hutuletea fedha. Lakini hata ukizipanga noti hizo zote mezani hutamwona nguruwe mwitu. Hutamwona nyani, wala nungunungu, wala komba. Nyani tumempa methali tu, ile ya kutoona kundule, na nguruwe wengi wetu huku pwani hatupendi hata kulitaja jina lake.

Basi juma hili nataka kumzungumza huyo asiyekuwamo kwenye noti, kwa sababu ndiye mnyama anayekutana na raia. Simba wa noti huonana na mtalii, mchana, katikati yao pana kioo cha gari. Nguruwe huonana na mama yangu, saa nane za usiku, hatua ishirini kutoka mlangoni, na katikati yao pana mahindi.

Nyumbani kwetu ni Maramba. Wengi wenu mnaijua kwa kuruta: mlipita pale kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, mkakimbia mchakamchaka alfajiri, mkahesabu siku, mkaondoka. Kwa ambaye hakupita, Maramba iko wilaya ya Mkinga, ile iliyomegwa kutoka Muheza, katika mkoa wa Tanga. Kutoka Tanga mjini unafuata barabara ya Horohoro mpaka Mabokweni, kisha unaiacha na kuelekea bara. Magharibi na kusini imesimama milima ya Usambara Mashariki na misitu yake. Kaskazini nchi inakwenda nyika ya Mto Umba na mpaka wa Kenya. Katikati ni mkonge, minazi, michungwa, mahindi na mihogo. Wakaazi ni Wadigo, Wasambaa, Wabondei, Wakamba, na wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge kutoka kila pembe ya nchi na hata nje yake.

Nyumba iliyo pembezoni, pale shamba linapoishia na kichaka kinapoanzia, haina usiku wa peke yake. Jua likizama, komba huanza kulia juu ya minazi kama mtoto mchanga, akiitafuta kata ya mgema, maana komba hupenda tembo la mnazi kuliko walevi wa kijijini. Fungo hupita uani akaacha harufu yake. Kicheche huingia bandani, na asubuhi unakuta kuku wamelala shingo zimekatwa, na mwenyewe hakummaliza hata mmoja. Nungunungu huchimba muhogo chini kwa chini, shina likabaki limesimama kama lililo zima, mpaka siku ya kung'oa unavuta mti mtupu. Kenge huja mchana kweupe kutafuta mayai. Nyoka naye yupo, lakini usiku bibi yangu hakumwita nyoka, alimwita kamba, asije akaitika. Siafu wakija, nyumba nzima hutoka nje na mikeka yake. Ila ukirudi unakuta hapana panya, hapana mende, hapana kunguni. Katika wageni wote hao, siafu ndio pekee wanaofagia kabla ya kuondoka.

Wote hao mtu huwazoea. Mabwana wenyewe ni wawili. Nyani ana zamu ya mchana, nguruwe ana zamu ya usiku, na kati ya zamu hizo mbili mkulima hana saa ya kulala. Nyani ana akili. Huweka mlinzi juu ya mti, na humtofautisha mwanamume mwenye rungu na mwanamke mwenye kikapu. Wa kwanza humkimbia, wa pili humtazama tu. Nguruwe hana mbwembwe hizo. Huja na jamaa yake yote, huingia gizani, na kundi moja katika usiku mmoja laweza kulaza nusu ekari ya mahindi yaliyoanza kubeba. Kinacholiwa ni kidogo, kinachokanyagwa ndicho kingi.

Dawa ya zamani ya hayo ni dungu. Wenzangu wa mjini wasiolijua, dungu ni ulingo wa miti shambani, umeezekwa kwa nyasi au makuti, mtu hupanda juu akalinda. Una moto wako, debe lako, kombeo lako, na mbwa chini. Mimi nililala kwenye dungu misimu mitatu, pamoja na mjomba wangu. Usiku mmoja wa masika mbwa walibweka mara moja kisha wakanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikotuamsha. Mjomba akawasha kurunzi. Chini yetu, pale hasa ilipo ngazi, alisimama dume wa nguruwe, rangi yake nyekundu ya udongo, na nywele nyeupe za mgongoni zimemsimama. Alitutazama kama sisi ndio tuliokuja kwake. Nikanyanyua jiwe, mjomba akanishika mkono. "Mjomba, usimzibie njia," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mwachie pa kutokea, ndipo upige debe." Tulipiga debe mpaka alfajiri.

Nimelieleza hilo si kwa kutafuta sifa. Nimelieleza kwa sababu mjini tuna usemi mmoja ambao umekuwa kama kanuni: kwamba binadamu amevamia makazi ya wanyama, na mnyama akija nyumbani anarudi kwao tu. Usemi huo una kweli yake. Lakini historia ya nchi yetu hii, kutoka Umba mpaka Pangani, inasema na jambo jingine. Umbali kati ya mlango wa nyumba na mnyama haukuwekwa na maumbile kama ulivyowekwa mpaka wa bahari na nchi kavu. Uliwekwa na watu, kwa jembe, kwa moto, kwa mbwa, na kwa wingi wao. Na kila watu walipopunguzwa, au waliponyang'anywa zana zao, mnyama alisogea hatua moja karibu na mlango.

Tuanze na nguruwe mwenyewe, maana huyu asiyekuwamo kwenye noti aliwahi kusimamisha dola. Yuko kitabuni. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, kitabu ambacho wamisionari wa Magila walikichapisha mwanzo, na ambacho kilitolewa tena mwaka 1962. Humo anaeleza habari za Mbegha, aliyetoka Ngulu. Mbegha alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, na kwa hiyo ndugu zake wakamnyima urithi. Akashika mbwa wake na mikuki akawa mwindaji wa nguruwe. Alipofika Kilindi akapatana na mtoto wa mkuu wa mahali; siku moja mawindoni yule kijana akauawa na nguruwe, na Mbegha akakimbilia milima ya Usambara. Huko Wasambaa waliuona moshi wa kambi yake. Wakampa vyakula vya shambani, yeye akawapa nyama. Wakamwita kijiji hadi kijiji awaulie nguruwe waliokuwa wakiwamalizia mashamba. Alipokuwa akielekea Vuga akaua na simba. Ndipo watu wakamfanya mfalme, na wafalme waliomfuata wakaitwa Simba Mwene.

Wanahistoria hukadiria kuwa hayo yalikuwa katika karne ya 18, na kila mtu ana rai yake juu ya kipi ni tukio na kipi ni hadithi. Mimi naangalia maana yake. Wasambaa hawakusimulia kuwa mfalme wao wa kwanza alishuka kutoka mbinguni, wala kwamba alikuja na jeshi. Walisimulia kuwa aliondoa nguruwe shambani. Kwao kazi ya kwanza ya mtawala ilikuwa hiyo: mwananchi alale, na mahindi yake yawepo asubuhi. Atakayetaka kuipima serikali yoyote kwa kipimo cha Wasambaa, kipimo ndicho hicho.

Ufalme ule ulisimama mpaka Kimweri ya Nyumbai alipofariki, mwaka 1862. Baada yake wanawe na wajukuu wakagombana. Wabondei, katika miaka ya mwisho ya 1860, wakawaasi Wakilindi katika machafuko yaliyoitwa Kiva. Bunduki zikapanda kutoka pwani, na watu wakateremshwa kwenda pwani wakiwa watumwa. Vijiji vilivyokuwa vimepakana vikaachana. Na kijiji kikihama, migomba hubaki mwaka mmoja au miwili, kisha kichaka huja, na ndani ya kichaka huja mwenyewe.

Halafu ikafika miaka ya 1890, miaka ya msiba. Ndwele ya sotoka ilishuka kutoka kaskazini ikamaliza ng'ombe, na nyati pia. Mwaka 1894 wakaja nzige na njaa katika nchi za Uzigua na Bondei, na kabla watu hawajapumua ikaja njaa nyingine mwishoni mwa karne. Mwanahistoria James Giblin aliyeichunguza Handeni, na Helge Kjekshus kabla yake, wameeleza jambo hilo kwa kirefu: ng'ombe walipokwisha na watu walipopungua, pori lilikua, na pori lilipokua, ndorobo na wanyama wakaenea palipokuwa malisho na mashamba. Mzungu aliyefika baadaye akiona nyika tupu yenye wanyama alidhani anaona Afrika kama ilivyoumbwa. Kumbe alikuwa anatazama shamba lililokufa mwenyewe.

Hapo hapo jirani, ng'ambo ya Umba, mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa daraja la reli ya Uganda pale Tsavo, mpaka Patterson alipowaua mwezi Desemba. Ngozi zao zilinunuliwa na jumba la makumbusho la Chicago, na hadi leo wako pale wamesimamishwa. Patterson alikuja kusema waliokufa ni 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria, mwaka 2009, kuwa walioliwa walikuwa kama 35. Dunia nzima inawajua simba wa Tsavo. Inasahau tu kuwa mwaka ule ulikuwa wa njaa na ndui, na kwamba maiti zilikuwa njiani. Wahenga walisema fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Mnyama huanza na palipodhoofika.

Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo sheria ilipoingia. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji kwa nchi nzima. Anayewinda awe na kibali, na maeneo mawili yakatengwa, moja Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Ilikuwa na sababu yake, kwani biashara ya pembe ilikuwa imewafyeka tembo kweli kweli. Lakini waliokuwa wamewafyeka walikuwa matajiri wa pembe na bunduki zao, na sheria ilimkuta pia mtu wa kijijini mwenye wavu na mbwa. Baada ya vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, hata gobore likawa kitu cha kuogopwa na serikali. Waingereza wakaendeleza. Mwaka 1919 walimweka Charles Swynnerton kuwa bwana nyama wa kwanza wa Tanganyika; na huyu ndiye aliyekuja kufundisha kuwa ndorobo hufukuzwa na watu wengi wanaofyeka pamoja, jambo ambalo wazee wetu walikuwa wakilifanya bila kulipwa mshahara. Mwaka 1951 ikatengwa hifadhi ya Mkomazi, na upande wake huu ikaunganishwa na pori la Umba.

Kwetu Maramba kulikuwa na bwana mwingine pia, mkonge. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa miche 62 tu. Kutoka hiyo 62 ikaja Tanga yote. Mkonge ulifyeka pori kwa maelfu ya ekari na kuleta manamba, na hao manamba wengi hawakuwa na mwiko wa nyama ya nguruwe. Wazee walikuwa wakisema kwamba enzi ya mkonge nguruwe alikuwa akisikika Jumamosi kisha anapotea mpaka mwezi mwingine. Mwislamu alilala kwa amani kwa sababu jirani yake alikuwa anapika. Sijui kama kuna mfano mzuri zaidi wa ujirani mwema.

Mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikateka soko, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na hayakupona. Kufikia miaka ya mwisho ya 1990 nchi nzima haikufikisha hata tani 30,000. Tunapoizungumza hasara hiyo huzungumzia ajira na fedha za kigeni. Kule kwetu tuliiona kwa namna nyingine. Mkonge ulioachwa haufi, hufunga. Miiba chini, vichaka juu, magugu katikati. Binadamu hapiti, mbwa hapiti, na nguruwe amepata ngome ambayo angejengewa na mhandisi isingekuwa bora kuliko hiyo. Anazaa humo, mchana analala humo, usiku anatoka.

Mambo mengine yaliyomsogeza mnyama yalikuwa na nia njema kabisa. Operesheni Vijiji, ya kuanzia 1973 hadi 1976, ilituleta pamoja kando ya barabara tupate shule, zahanati na maji. Nyumba ilihama, shamba halikuhama. Shamba lililokuwa nyuma ya jiko likawa mwendo wa saa nzima, na shamba la mwendo wa saa nzima usiku si lako. Mwaka 1977 ikaja elimu ya msingi kwa watoto wote, na hapana shaka ni katika mambo bora nchi hii iliyowahi kufanya. Lakini mlinzi wa nyani alikuwa nani, kama si yule mtoto wa miaka tisa? Aliposhika daftari, manati ikabaki ukutani. Mpaka leo mwalimu wa kijijini akiona madawati matupu mahindi yanapokomaa, haulizi watoto wameugua nini. Anajua wako wapi.

Na baada ya shule, mtoto huyo akaja mjini. Ndiye mimi, ndiye wewe unayenisikiliza Dar es Salaam, Mombasa au Tanga mjini. Nyumbani amebaki mama wa miaka sabini, na dungu halipandwi na miguu ya miaka sabini. Nguruwe amelihesabu hilo.

Msikilizaji atauliza: je, ni sisi tu? La hasha. Twende mbali kidogo, Ufaransa, nchi ambayo hakuna atakayeiita pori. Mwaka 1789, kabla ya mapinduzi yao, wakulima waliandikisha malalamiko yao kijiji kwa kijiji. Mojawapo lililorudiwa mno lilikuwa la wanyama. Haki ya kuwinda ilikuwa ya mabwana peke yao. Sungura wa bwana walikula mboga za mkulima, njiwa wa bwana wakala mbegu zake, na mkulima hakuruhusiwa kuwagusa. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 bunge lao lilipofuta haki za kikabaila, haki ya kufuga njiwa na haki ya kuwinda zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kufutwa. Mwenye ardhi akapewa haki ya kumwondoa mnyama anayemharibia.

Karne mbili baadaye, Mfaransa naye amehama shamba. Misitu yao imekua karibu mara mbili tangu katikati ya karne ya 19, kwa kuwa mashamba ya milimani yaliachwa. Mbwa mwitu, ambaye walikwisha kummaliza nchini mwao kabla ya vita kuu ya pili, alirudi mwenyewe mwaka 1992 akivuka milima kutoka Italia. Nguruwe mwitu wamezidi hata wawindaji wao huua zaidi ya 700,000 kwa mwaka, na bado bibi wa Kifaransa huamka akakuta bustani imelimwa na asiyemwajiri. Tofauti yetu na wao ni moja: kule vyama vya wawindaji ndivyo hulipa fidia ya mazao yaliyoharibiwa na nguruwe. Mnyama ana mwenyewe, na mwenyewe ana mfuko.

Sisi mnyama ana mwenyewe, ni mali ya taifa. Mwalimu Nyerere alilitamka hilo mbele ya dunia Arusha, mwezi Septemba 1961, kwamba wanyama hawa ni amana tutakayoitunza. Nami naunga mkono. Mkomazi, ambayo wafugaji waliondolewa mwaka 1988, iliamuliwa mwaka 2006 kuwa hifadhi ya taifa, na kifaru waliokuwa wametoweka walirudishwa huko kuanzia 1997. Misitu yetu ya Amani, zaidi ya hekta 8,000, ikawa hifadhi ya mazingira mwaka huo huo wa 1997, na maji ya kunywa ya Tanga mjini hutoka katika milima hiyo. Hakuna mwenye akili atakayetaka hayo yavunjwe. Swali langu ni la mezani: nani anamlisha huyu mwenye amana usiku?

Tazameni lugha ya sheria. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa aliyedhuriwa na wanyama wakali. Hayakuitwa fidia. Yaliitwa kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa, na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa shamba. Aliyeuliwa na mnyama, familia yake iliwekewa shilingi 1,000,000. Fidia ni deni. Kifuta machozi ni leso. Anayekupa leso hakubali kuwa ndiye aliyekuliza. Na hata leso hiyo ni ya wanyama wakubwa, kama tembo na simba. Katika vijiji vya Mwakijembe, upande wa Umba, ambako tembo huingia mashambani, mtu ataijaza fomu na kungoja. Aliyeliwa na nguruwe na nyani hana fomu ya kujaza. Wao, kama tulivyoona, hawamo hata kwenye noti.

Sisemi watu washike bunduki. Sisemi misitu ifyekwe. Nasema umbali ule uliowekwa na watu waweza kuwekwa tena na watu, tukikubali kuwa ni kazi, na kwamba kazi ina gharama. Mkonge uliofunga usafishwe au wapewe wanaouhitaji, kwa kuwa shamba lililotelekezwa linamdhuru jirani. Mashamba yapakane, yalindwe kwa zamu, dungu moja kwa kaya kumi, si kila bibi na debe lake. Halmashauri iwe na askari wa wanyama anayefika shambani wakati mahindi yamesimama, asifike kuhesabu mabua. Kule Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima wamezungusha mizinga ya nyuki mashambani; tembo humwogopa nyuki, na mkulima akapata na asali juu yake. Hiyo ni akili ya Mbegha katika nguo mpya.

Na mengine ni yetu sisi wa mjini. Muhogo unaoununua Ngamiani asubuhi, na chungwa la Muheza unalomenya ndani ya basi, vimepita mkononi mwa mtu aliyekesha. Unapopeleka fedha nyumbani kwa ajili ya mbolea na mbegu, ongeza na ya mlinzi. Kijana mmoja wa kukaa dunguni miezi miwili gharama yake haishindi gunia atakaloliokoa, na mama atalala. Ukienda kwa Iddi au Krismasi, usiulize tu mvua ilikuwaje. Uliza na usiku ulikuwaje.

Wasambaa walimpa ufalme mtu aliyewaondolea nguruwe. Sisi hatuombi mfalme, tunaomba mahindi yafike jikoni. Hadi juma lijalo, panapo majaaliwa, kwaherini.